Pikipiki Iliyoogopa Garsen

Mimi sina subira. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi na mpaka leo sijaikunjua. Kwa hiyo msishangae nikimtaja fundi Kassim kwa ukali hapa mwanzoni, maana siku zile nilimkasirikia kweli kweli. Leo hakuna sala ninayosali nisimtaje katika dua.

Kazi yangu ni pikipiki. Kijiji chetu kiko upande wa Ndera, na mvua ikinyesha, gari halithubutu kupita ule udongo mweusi. Asubuhi napeleka maziwa Garsen, jioni narudi na unga, sukari na majani ya chai. Katikati ya hayo nabeba wanawake. Waume zao wanapenda wabebwe na mwanamke mwenzao, na wao wenyewe wanapenda zaidi, kwa kuwa kwangu wanaweza kulalamikia waume hao hao safari nzima.

Mdogo wangu ni mmoja, Kadra. Mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika asubuhi, nikampakia tukaondoka. Wakati huo pikipiki ilikuwa bado na kabureta, na petroli tunayouziwa njiani kwenye chupa za soda ina mchanga na maji. Kabureta ikaziba katikati ya vichaka vya miba vya mathenge, mahali ambapo hapiti mtu. Nilifungua, nikapuliza, nikafuta kwa ncha ya mtandio, nikafunga, nikapiga kiki, nikafungua tena. Tulifika hospitali tumechelewa. Kadra alipona, mtoto hakupona.

Alipopata mimba ya pili, nesi wa kliniki alimwambia waziwazi kwamba asithubutu kuzalia nyumbani. Tulimsihi aje akae Garsen angojee siku zake. Akakataa katakata. Mume wake Liban alikuwa mbali malishoni, pamoja na ng'ombe, na yeye hakuwa na mtu wa kumwachia ndama.

"Siku ikifika utanipeleka wewe," aliniambia. "Mimi sitapanda ya mtu mwingine."

Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Baada ya kile kilichotokea, bado ananiamini mimi na chuma changu? Siku iliyofuata nilikwenda moja kwa moja kwa Kassim.

Kassim ni mtu wa Kipini, mpole, anaongea kama anayehesabu maneno asije akayamaliza. Karakana yake iko pale Garsen nyuma ya stendi. Nilimwambia sitaki kuona kabureta tena maishani mwangu. Akaniambia upo mfumo wa injekta unaoweza kufungwa kwenye pikipiki kama yangu: pampu inasukuma petroli kwa nguvu kupitia chujio, kompyuta ndogo chini ya kiti inaamua injini ipewe tone ngapi na wakati gani. Petroli chafu haiisumbui sana, na mafuta yanakwenda mbali zaidi. Aliviagiza vifaa Mombasa, akavifunga kwa mkono wake. Siku niliyoichukua, iliwaka kwa kugusa tu stata. Nilimwombea dua hapo hapo, na nilipaswa kuendelea hivyo hivyo.

Safari iliyofuata ya kwenda Garsen ikazima.

Haikuzima kwa kukohoa kama zamani. Ilikata ghafla, kama taa. Nikabonyeza stata, ikawaka, tukaenda kidogo, ikakata tena. Siku nyingine ilikwenda mpaka karibu na mji ndipo ikaanza. Na jambo lililonitia wazimu ni hili: ilizima nikienda Garsen tu. Nikirudi nyumbani, hata nikiwa nimepakia magunia mpaka sioni nyuma, ilikwenda bila neno. Kijijini wakaanza kunicheka. Wakasema pikipiki ya Hawa inaogopa mji, ni pikipiki ya kichungaji, haitaki kelele za watu. Shangazi Ikran alishauri isomewe.

Mimi sikucheka. Mzigo wangu wa maana kuliko yote ulikuwa wa kwenda Garsen, siyo wa kurudi.

Nilimvamia Kassim pale karakana bila salamu, Mungu anisamehe.

"Fundi, hii kitu yako imenikataa! Inazima!"

"Waalaikum salaam, dadangu," akasema. "Iwashe nisikie."

Nikaiwasha. Ikanguruma vizuri, ikatulia, ikangoja kama mtoto mwenye adabu mbele ya wageni. Akaizungusha stendi nzima, akarudi. Haikuzima hata mara moja. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na pikipiki yenyewe.

Mtu mwingine angeniambia niende zangu. Kassim hakuniambia hivyo. Alikaa chini, akanieleza kwamba pembeni mwa injini kuna sensa, kidude kinachohesabu mizunguko na kuipelekea kompyuta habari kwa umeme mdogo sana. Ikiwa karibu kuna waya wenye umeme wenye fujo, fujo hiyo inaruka na kuingia kwenye waya wa sensa. Kompyuta inasikia hesabu isiyoeleweka, haijui injini iko wapi, basi inaona heri ikate petroli kuliko kukosea.

"Ni kelele za umeme," alisema. "Masikio hayasikii, lakini kompyuta yasikia. Kuna kitu kinaipigia makelele. Sasa ni kipi?"

Akaanza kutafuta. Alibadilisha plagi, akaweka ile inayopunguza fujo ya cheche. Aliuhamisha waya wa sensa mbali na koili inayolisha plagi, akaupitisha upande wa pili wa fremu. Akauvisha karatasi ya bati ya kufunikia chakula na kuishikisha kwenye chuma. Akakwangua rangi mahali ambapo waya hasi unashika fremu na kuongeza mwingine mnene kutoka kwenye betri. Kila mara alinipa akisema, "Jaribu, uniletee habari." Nami kila mara nilimletea habari mbaya, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

"Umeongeza kitu chochote cha umeme?" aliniuliza siku moja. "Redio? Taa za urembo? Honi kubwa?"

"Mimi ni mtu wa redio?" nikamjibu. "Angalia mwenyewe!"

Akaangalia. Hakuona kitu, kwa sababu hakikuwepo.

Tumbo la Kadra likawa linashuka. Alianza kutembea ameshika kiuno. Mama, ambaye hazungumzi sana, alikuwa akiiangalia pikipiki kila ninapoiegesha, kisha ananiangalia mimi, kisha anaendelea na kazi yake. Hakuniuliza lolote na ndilo lililonikosesha usingizi. Mwishowe nilikwenda kwa Kassim nikamwambia arudishe kabureta. Nilimwambia na machozi yananitoka, jambo ambalo huwa sipendi watu walione.

Akafuta mikono kwa kitambaa.

"Kabureta ndiyo iliyokutoa machozi mara ya kwanza," alisema. "Nipe nafasi moja. Leo nitapanda nyuma yako mpaka kwenu, nilale, kesho nije nayo Garsen. Ugonjwa huu hauji karakana, basi mimi nitaufuata kwake."

Alifunga karakana yake, mtu ambaye wateja walikuwa wamejaa mlangoni. Akanunua tende za kumpelekea mama, akapanda. Njia nzima pikipiki haikukohoa, maana tulikuwa tunarudi nyumbani. Kassim akawa anainamisha kichwa kusikiliza, kofia mkononi, vumbi likimjaa ndevu.

Asubuhi, baada ya kukamua, nikaanza kupakia. Kassim alikuwa ameketi nje na kikombe cha chai, mama amemjazia maziwa mpaka chai haionekani. Nikafunga vibuyu na madebe ya maziwa. Halafu watu wakaanza kuja na simu.

Hapa lazima nieleze, ingawa kwetu ni jambo la kawaida mpaka hakuna anayelizungumzia. Kijijini hatuna stima. Paneli za sola zipo mbili tatu, zinawasha taa basi. Wachungaji wanahitaji simu kuliko wanavyohitaji viatu: ndizo zinazowaambia mvua imenyesha wapi, nyasi ziko wapi, ng'ombe aliyepotea ameonekana wapi. Kwa hiyo nina sanduku la plastiki nililolitandika kitambaa, lenye chaja ndani, na waya wenye vibanio viwili vinavyouma betri ya pikipiki. Simu zinaingia sandukuni zimekufa, zinajaa njiani tukienda mjini, narudi nazo jioni zikiwa hai. Nimefanya hivyo tangu zamani, wakati wa kabureta, na kabureta haikuwahi kulalamika.

Na nikifika Garsen, kabla sijakwenda popote, sanduku nalishusha dukani kwa Mama Swaleha, ambaye hana stima ya kuchaji lakini ana kufuli madhubuti. Simu ya mtu ni amana. Ina siri zake, ina sauti ya mke wake, ina picha za watoto. Siwezi kuiingiza karakana ambako kila apitaye anashika kila kitu. Kwangu lile sanduku halikuwa kitu cha umeme hata kidogo. Lilikuwa mzigo wa watu, sawa na maziwa.

Nikafungua kifuniko cha pembeni, nikabana vibanio kwenye betri, nikasokomeza waya chini ya kiti.

Kassim akaweka kikombe chini.

"Hawa. Nini hiyo?"

"Simu za watu."

"Nasema huo waya."

"Si wa kuchaji simu za watu?"

Alikuja akapiga magoti kando ya pikipiki. Aliufuata waya kwa kidole, polepole, mpaka chini ya kiti, ukapita ubavuni mwa ile kompyuta yake na kujilaza juu ya waya wa sensa ambao aliuhangaikia wiki nzima. Aliinua macho akanitazama. Nilidhani atanitukana, na kusema kweli angekuwa na haki. Badala yake akaketi palepale kwenye vumbi na kucheka, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa kanzu, na shangazi Ikran akatoka nyumbani kuja kuona mgeni ana nini.

"Twende," alisema alipopata pumzi. "Twende hivyo hivyo."

Hatukufika mbali. Ikakata. Kassim akashuka, akachomoa vibanio, akaniambia niwashe. Tukaenda, tukapita mathenge, tukapita dimbwi, tukapita mahali ambapo huwa nazima kila siku na kutukana. Ikanguruma tu. Akaniambia nisimame. Akabana vibanio tena, tukaondoka, ikakata. Tulirudia hivyo mpaka hata mimi, mbishi wa kwetu, sikuwa na la kubisha.

Akanieleza huku maziwa yakipigwa na jua. Chaja za bei rahisi zinakatakata umeme wa betri vipande vidogo, kwa kasi sana, ili upungue uweze kuingia kwenye simu, na katika kukata huko ndipo fujo inapotoka. Simu zikiwa zimekufa zinavuta kwa nguvu, na fujo inakuwa kubwa. Zikishajaa, zinatulia, chaja nazo zinatulia.

"Ndiyo maana yazima ukienda," alisema. "Ukirudi simu zimeshiba, hakuna anayepiga kelele."

Mtu niliyemwita tapeli mbele ya soko zima alikuwa amevumilia matusi yangu, amefunga mlango wake, amelala kwenye mkeka wa watu, ili aje aone kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekishika kila asubuhi. Nilimwambia asante. Neno lilitoka dogo kuliko nilivyotaka, nikalirudia, nikalirudia tena, mpaka akaniambia maziwa yanaharibika.

Akaahidi kulitafutia sanduku betri yake lenyewe, isiyogusana na pikipiki hata kwa waya mmoja. Lakini betri ya aina hiyo ingetoka Malindi, na mpaka ifike nisiunganishe kitu.

Basi ikabidi niwaambie watu. Hilo liliniogopesha kuliko injini. Ilikuwa kiangazi, wachungaji wanahama kila mara, na simu ndiyo macho yao. Jioni niliwakuta wanaume wametoka msikitini, nikasema yote: kwamba simu zao ndizo zinazonizima njiani, kwamba sitazichaji tena mpaka betri ije, na kwamba Kadra yuko karibu. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, nimeshajipanga na majibu.

Mzee Abduba, ambaye ana ng'ombe wengi na watoto wake wote wako nao mbali malishoni, alitoa simu yake mfukoni. Ilikuwa imebakiza chaji kidogo. Akaibonyeza ikazimika, akairudisha mfukoni.

"Simu haizai," alisema. "Mpeleke mtoto wetu."

Wengine wakafanya kama yeye. Hakuna aliyenung'unika. Mimi niliyekuwa nimepanga majibu nikakosa pa kuyapeleka, nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Uchungu ulimshika Kadra asubuhi moja jua likichomoza. Niliita shangazi Ikran, akapanda nyuma kabisa ili amshike, Kadra katikati, mimi mbele. Mama alinifunga mtandio kichwani mwenyewe, kama alivyokuwa akinifunga nikiwa mdogo, akapiga tangi la pikipiki kwa kiganja.

Niliendesha nikisikiliza. Sijawahi kusikiliza kitu namna hiyo maishani. Kila Kadra alipoumwa alinibana mbavu, na kila aliponibana nilisikia injini ikiendelea chini yake, sauti ile ile, bila kukata. Tukaingia mathenge. Shangazi Ikran akaanza kusoma kwa sauti. Kadra alinifokea nisiende polepole, kisha akanifokea nisiende mbio, nikajua yuko salama maana ana nguvu za kunigombeza. Tukatokea upande wa pili. Barabara kubwa ilipoonekana nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nasoma.

Pale hospitali nesi alimpokea mlangoni, akamwangalia mara moja, akaita wenzake kwa haraka. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Walimwingiza ndani, mimi na shangazi tukabaki nje, na sitasimulia saa zile kwa sababu hazikuwa na kitu ndani yake ila kungoja. Kisha tukasikia mtoto. Shangazi Ikran aliniangukia begani. Nesi akatoka akatuambia tungechelewa kidogo, yeye asingekuwa na maneno haya ya kutuambia.

Kassim alikuwa amekuja, sijui nani alimpa habari. Alikuwa amesimama uani na kanzu ya kazi yenye grisi, haingii ndani kwa sababu ya uchafu wake. Nilimkimbilia nikamwambia, akaweka mikono usoni na kusema "Alhamdulillahi" mara nyingi, mtu ambaye huhesabu maneno.

Nikatoa simu nimpigie mama. Hapatikani. Nikampigia Mzee Abduba. Hapatikani. Nikampigia jirani, mke wa jirani, imamu, na hata yule kijana anayekaa na simu sikioni hata akila. Yule mwanamke wa kampuni ya simu akaniambia kwa upole, mara moja baada ya nyingine, kwamba mteja niliyempigia hapatikani kwa sasa. Kijiji kizima kilikuwa kimezimika. Kilikuwa kimekaa gizani tangu jioni ile, kila mtu na simu yake iliyokufa mfukoni, ili sisi tufike.

Nikambusu Kadra kwenye paji la uso, nikamwachia shangazi Ikran, nikarudi.

Nilipokaribia nyumbani niliwaona wako nje, wamesimama kando ya njia, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na watoto kila mahali. Walikuwa wameisikia pikipiki kutoka mbali. Hawakuwa na namna nyingine ya kupata habari, basi walitega masikio. Nikaona nyuso zao nikaelewa kwamba mlio wa injini haukuwaambia chochote: ulisema Hawa anarudi, haukusema anarudi na nini. Hata mara ile ya kwanza nilirudi.

Mama alikuwa mbele ya wote. Nilizima injini. Kabla sijashuka, mama akakaribia, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Nani mzima?" aliniuliza.

"Wote wawili, mama," nikasema. "Wote wawili."